Komba wa Usiku, Kunguru wa Jaani: Majibu kwa Wasomaji wa Tanga

Barua za safari hii zimetoka mitaa mbalimbali ya Jiji la Tanga, na zote zinahusu viumbe tunaoishi nao uani, juu ya miti na kando ya maji.

Shikamoo mzee. Nyumbani kwetu, usiku husikika kilio kama cha mtoto mchanga juu ya mwembe. Bibi anasema ni jini na ametukataza kutoka nje. Ni kitu gani hasa? (Mwanafunzi, Raskazone)

Marahaba, mwanangu. Bibi ana haki ya kuwazuia msizurure usiku, lakini anayelia mwembeni ni komba, mnyama mwenye nasaba ya mbali na kima na tumbili. Ana manyoya ya kahawia, mkia mrefu uliojaa manyoya, masikio makubwa anayoweza kuyakunja, na macho yanayong'aa mara tu unapommulika kwa tochi. Mchana hulala katikati ya majani mazito au kwenye tundu la mti, na jua likishazama hutoka kutafuta matunda, wadudu na utomvu wa miti. Kwa kilio hicho huwajulisha komba wenzake mahali alipo, na kwamba eneo lile lina mwenyewe. Ukimtazama kwa subira, huenda ukamwona akijikojolea viganjani kisha akajisugua nyayo, ili kila tawi analopita libaki na harufu yake. Wagema wanamjua vizuri, kwa kuwa hupanda minazi usiku na kunywa tembo ndani ya vibuyu vyao.

Amebaki Raskazone kwa sababu miti mikubwa ya zamani imebaki, na ningefurahi sana kama familia yenu ingeuacha mwembe huo usimame. Usimlishe kwa mkono, maana meno yake ni makali, wala usijaribu kumfuga: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumkamata au kummiliki mnyamapori bila kibali. Msomee bibi jibu hili kwa upole, ikiwezekana mkiwa na tochi mkononi.

Kunguru wamenimalizia vifaranga. Jirani amenishauri nitie sumu kwenye nyama na kuitupa uani. Je, nifuate ushauri huo? (Mama wa kuku, Ngamiani)

Usifuate, mama yangu. Nyama yenye sumu haichagui wa kuila. Ataila paka wa jirani, mbwa, mwewe, na kuku wako mwenyewe atakayedonoa mabaki, na katika mtaa wenye watoto wadogo hatari yake haina kipimo.

Hata hivyo, malalamiko yako ni ya haki. Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wa pwani yetu. Asili yake ni India na nchi jirani zake, naye aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 kwa matarajio kwamba angesafisha takataka za mji. Alizaliana, akavuka bahari, akaenea mwambao mzima. Kunguru wetu wa asili ni yule mwenye kifua cheupe, ambaye siku hizi mtu anaweza kukaa mjini muda mrefu bila kumwona. Mgeni huyu hula mayai na makinda ya ndege wengine, na ninaamini kwamba ukimya wa asubuhi katika mitaa yetu mingi, ambako zamani chiriku na kwera walisikika kila mahali, kwa sehemu unatokana naye.

Dawa yake inaanzia jaani. Kunguru huongezeka kulingana na chakula anachokikuta, na katika mitaa yetu chakula hicho ni matumbo na magamba ya samaki, makombo ya wali na mifuko ya taka iliyopasuka. Fukia mabaki ya samaki au uyatie kwenye pipa lenye mfuniko mzito, na uzungumze na majirani wafanye vivyo hivyo, kwa sababu uani mmoja ukiwa safi huku mwingine ukiwa wazi, kunguru hawataondoka. Vifaranga wakae chini ya tenga au ndani ya wavu mpaka wawe wakubwa kiasi cha kujikinga.

Nyoka wa kijani ameonekana kwenye mkorosho wetu. Nimeambiwa nyoka wa kijani hawana sumu. Je, ni kweli? (Msomaji, Nguvumali)

Si kweli kwa wote. Wengi wa rangi hiyo hawana madhara kwa binadamu, lakini pwani yetu ina nyoka wa kijani mwenye sumu kali sana, anayependa miembe, mikorosho na minazi, na kuwatofautisha kwa macho si kazi ya kubahatisha. Waondoe watoto hapo na umwache apite. Mtu akiumwa, asichanjwe chale wala asifungwe kamba ya kubana. Atulizwe, asitembezwe, apelekwe hospitali mara moja.

Bundi ametua kwenye mnazi wa nyumba yenye mgonjwa, na vijana wanataka kumpiga mawe. Tufanyeje? (Baba wa watu wanne, Makorora)

Wazuie, ndugu yangu. Mtume (S.A.W.) alikanusha imani ya mkosi wa ndege, na mgonjwa wenu anahitaji dawa na dua, wala hali yake haihusiani na bundi. Kesho asubuhi angalieni chini ya mnazi huo. Mkikuta madonge meusi ya manyoya, yavunjeni kwa kijiti na mtaona ndani yake mafuvu na mifupa midogo ya panya, kwa sababu bundi humeza panya mzima kisha akatapika asichoweza kusaga. Kama mnatumia sumu ya panya, iacheni, maana bundi akila panya aliyekula sumu naye hufa, na panya mliokusudia kuwapunguza watazidi.

Tunaweza kukata mikoko iliyo mbele ya nyumba ili tupate upepo na kupunguza mbu? (Wakazi, Sahare)

Hapana, na kwanza kisheria: mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya misitu, na kuikata bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu ni kosa.

Kuhusu mbu, wapo kweli wanaozaliana kwenye maji yenye chumvi kidogo. Lakini wengi wanaowasumbua usiku hutoka kwenye makaro ya choo yasiyofunikwa vizuri, na wale wa mchana hutoka kwenye matairi, makopo na vifuu vilivyojaa maji ya mvua. Zungukeni nyumba zenu kwanza.

Kisha nendeni ufukweni maji yakiwa yametoka. Mtaona mizizi ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, imechomoza kutoka kwenye tope, wima na myembamba. Kwa mizizi hiyo mti hupumua mahali ambapo udongo hauna hewa. Katikati yake kuna kaa, na maji yakijaa huingia makinda ya samaki na kamba kujificha. Mito ya Sigi na Mkulumuzi huleta tope katika ghuba yetu, na mizizi hii hulizuia kabla halijafika kwenye matumbawe. Palipo na pengo, ombeni ushauri wa maofisa wa misitu juu ya aina inayofaa kabla ya kupanda, kwa kuwa aina iitwayo mkoko hasa, ikipandwa mahali pa aina nyingine iitwayo mlilana, mara nyingi hufa.