Shangazi wa Kamera: Miji Mitano ya Nini?

*Shangazi ni mzaliwa wa Tanga na mpiga picha wa filamu. Anaishi Asciano, mkoa wa Siena, Italia. Kila toleo hujibu barua za wasomaji.*

Shikamoo Shangazi. Nafanya kazi benki hapa Dodoma. Marehemu baba aliniachia kamera yake, Pentax K1000, na mwezi Juni nataka kwenda nayo Italia wiki mbili. Nimepanga Milano, Venice, Florence, Roma, na Napoli nikipata nafasi. Nibebe mikanda ya filamu mingapi, na nisikose kupiga nini?
— Mtoto wa Mpiga Picha, Dodoma

Marahaba mwanangu, na pole kwa baba. Miji mitano kwa wiki mbili! Utarudi na picha za stesheni na za begi lako.

Kama utanisikiliza, fanya hivi. Ndege ikikushusha Roma, kaa siku mbili, kwa sababu mama atauliza picha ya Colosseum na hutaweza kumkosesha. Halafu panda treni ya kawaida, si ile ya mwendo kasi, hadi Chiusi. Hapo badilisha, upande katreni ka dizeli kanakokwenda Siena, ushuke Asciano. Tiketi ya karatasi igonge kwenye kile kimashine cha stesheni kabla ya kupanda, maana kondakta hana simile. Kisha begi liweke chini, usilinyanyue tena mpaka siku ya kuondoka. Hata ubalozini utapata nafuu: watataka kujua utalala wapi kila usiku, na bima ya afya isiyopungua euro 30,000. Mwenyeji mmoja na anwani moja ni karatasi chache.

Eneo hili linaitwa Crete Senesi. Ni vilima vya udongo wa mfinyanzi vinavyolimwa ngano mpaka mlangoni pa nyumba. Juni ngano inaacha ukijani na kushika dhahabu, na mavuno yanaanza mwezi ukielekea mwisho. Wewe umezoea jua linalozama kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima, kwa hiyo jiandae: hapa Juni linachomoza kama saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuzama karibu saa tatu usiku. Mchana kati mwanga unakuwa bapa, vilima vinapoteza vivuli, picha inakuwa kama ukuta. Wenyeji wenyewe saa saba wanafunga maduka, wanakula, wanalala. Lala nawe. Ukiona mtu anazunguka na kamera saa nane mchana, huyo ni mgeni wa siku moja, basi linamsubiri.

Yale majumba ya mawe yaliyokaa peke yake juu ya vilima, usiyapige kama mapambo ya kalenda. Waliishi humo wakulima waliolima ardhi ya bwana na kumgawia nusu ya mavuno. Mfumo huo, mezzadria, ulidumu karne nyingi. Sheria ya mwaka 1964 ilikataza mikataba mipya, lakini tayari vijana walikuwa wakikimbilia viwanda vya mjini, na nyumba nyingi zikabaki na njiwa. Mwaka 1985 ikaja sheria iliyowaruhusu wakulima kupokea wageni mashambani, ndiyo chanzo cha hizi agriturismo utakazolala. Chumba chako cha chini chenye dari ya matofali huenda kilikuwa zizi la ng'ombe. Muulize mwenye nyumba, na kama mama yake mzee bado yupo, muulize huyo. Ukishajua nani aliamka alfajiri kukamua pale, utasimama mahali pengine kabisa na kamera yako.

Mikanda sita inatosha, ya picha 36 kila mmoja. Ndiyo, sita. Ukibeba ishirini utapiga kama unatumia simu.

Sasa kamera. K1000 ni mashine tupu. Betri ni ya kipimo cha mwanga tu, LR44, hata ikifa shata inaendelea kufanya kazi. Haina swichi ya kuzima, hivyo usipoitumia funika lenzi kwa kifuniko chake, la sivyo kipimo kitakunywa betri usiku kucha. Fungua mlango wa nyuma utazame sponji za pembeni. Zikiwa zimegeuka lami inayonata, mwanga utapenya, mpe fundi abadilishe. Ukishaweka mkanda na kuuvuta, angalia kile kirungu cha kurudishia upande wa kushoto: kisipozunguka, mkanda haujashika, na utapiga likizo nzima juu ya hewa. Kabla ya safari piga mkanda mmoja hapo hapo Dodoma na uusafishe. Baba yako asingekwenda harusini na kamera ambayo hajaijaribu.

Shangazi, je, mashine za uwanja wa ndege zinaharibu filamu?
— N., Mombasa

Zile za eksirei za zamani hazina neno sana kwa filamu ya ISO 400 kushuka chini (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kunasa mwanga). Mashine mpya za CT, zinazopiga begi miale mikali pande zote, na ambazo zimewekwa kwenye viwanja vingi vikubwa Ulaya, ndizo zinazoacha ukungu na mistari, hata kwa kupita mara moja. Mikanda iweke kwenye mfuko unaoonyesha ndani, mkononi, uombe ikaguliwe kwa mkono. Omba kwa adabu na mapema, si foleni ikiwa imefika mlangoni. Kwenye begi la kupakia chini, kamwe.

Salamu nyingi Shangazi. Niko Padova masomoni. Nyumbani Kisumu nilikuwa napiga picha kila jioni, huku mkono umekufa. Ni tambarare tupu, mahindi, mitaro ya maji na ukungu. Nikipata pesa ya kufika Toscana labda nitaamka. Unasemaje?
— Omondi

Omondi, Toscana usije. Nakuambia mimi niliyeko huku.

Hiyo tambarare unayoidharau imemlea Luigi Ghirri, mmoja wa wapiga picha wakubwa wa rangi waliowahi kutokea nchi hii. Alizaliwa Scandiano, karibu na Reggio Emilia, mwaka 1943, akafanya kazi ya upimaji ardhi kabla ya kuishika kamera kwa dhati, na alifariki 1992. Alipiga nini? Geti la shamba. Ukungu. Barabara ya kijijini. Ufuo wakati watalii wameondoka. Rangi zake ni za upole, kama anaogopa kuamsha mtu. Bonde la Po alikulia humo, na hakuona haja ya kulikimbia.

Mwishoni mwa maisha yake aliingia na kamera kwenye vyumba vya kazi vya mchoraji Giorgio Morandi, Bologna na Grizzana. Morandi ndiye yule aliyechora chupa, makopo na vyombo vile vile miaka nenda miaka rudi, hadi alipokufa mwaka 1964. Nje ya Italia alitoka kwa nadra sana. Ukisimama mbele ya chupa zake huwezi kusema huyu mtu alichoka.

Watu wananiandikia kwamba wanasubiri mvuto, wanasubiri hamu. Mimi siamini kusubiri. Chagua njia moja, labda ile unayopita kwenda darasani au tuta moja la mtaro, uipite na mkanda mmoja tu mpaka uishe. Picha moja kwa siku, ikizidi mbili. Daftarini andika saa, hali ya hewa, na kilichokusimamisha. Mkanda ukiisha usikimbie kuusafisha, uache wiki kadhaa kwenye droo. Ukija kuona picha huku umesahau ulitaka nini, utajua ni ipi inasimama yenyewe.

Na ukungu unadanganya kipimo. Kamera inaona weupe mwingi na kukupa picha ya kijivu kilichochoka, hivyo ongeza mwanga kwa hatua moja, yaani mara mbili. Anza Novemba, ukungu utakuwepo wa kutosha.

Assalamu alaikum Shangazi. Rangi au nyeusi na nyeupe?
— Abu Salim, Muscat

Waalaikumu salaam. Inategemea mwezi. Juni ni rangi, kwa maana ngano iliyoiva na miti ya kijani kwenye filamu nyeusi na nyeupe zinaweza kuwa kijivu kimoja, labda uweke kichujio cha njano au cha machungwa ili ngano ing'ae na anga likolee. Septemba, mashamba yakishalimwa na udongo ukiwa uchi, ndipo nyeusi na nyeupe inapotamalaki. Tafuta kazi za Mario Giacomelli wa Senigallia, upande wa pili wa nchi kwenye bahari ya Adria. Alikuwa mchapaji kwa kazi yake ya kila siku, akapiga vilima vya mkoa wake wa Marche kwa weusi mkali, matuta ya jembe yakawa kama mikunjo ya kiganja.

Mtu atakushawishi ununue P30, filamu nyeusi na nyeupe ya kampuni ya Ferrania, kwa kuwa inatengenezwa hapa hapa Italia, Liguria. Nzuri, lakini ni ISO 80 na haisamehe kosa la mwanga. Anza na ya 400.

Nyeusi na nyeupe utaweza kusafisha mwenyewe, dawa ikiwa nyuzi 20. Kwa Muscat, ambako kiangazi maji ya bomba yanatoka moto, weka chupa za dawa ndani ya beseni la barafu na usimwage dawa kabla hujaweka kipimajoto. Rangi inataka nyuzi 38 zisizocheza, hiyo wapelekee wenye mashine.

Shangazi, mimi ni Mwislamu. Nitakula nini huko mashambani?
— Mama Zuhura, Tanga

Dada yangu wa nyumbani, hutalala njaa. Ulizia *pici all'aglione*, tambi nene za kusukumwa kwa mkono na mchuzi wa nyanya na vitunguu saumu. Ipo pia *ribollita*, supu ya maharage, sukuma na mkate, ila hakikisha hawakutia nyama ya nguruwe kuonjesha. Sema *senza maiale*, *senza strutto* na *senza vino*: bila nguruwe, bila mafuta ya nguruwe, bila mvinyo. Yaseme unapoweka nafasi, siyo ukiwa umekaa mezani. Jibini yao nyingi hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la mnyama, kama hilo linakusumbua uliza pia. Mkate wa huku hauna chumvi. Beba yako.