Nyama inamkwama kifuani, kamera ikasema umio ni mzima

SWALI: Kijana wangu ana miaka 22 na ana pumu tangu utotoni. Akila nyama au mkate humkwama kifuani. Alipimwa kwa kamera ya kuingizwa kooni, tukaambiwa umio (njia ya chakula kwenda tumboni) hauna tatizo. Ametumia omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, wiki 2 bila nafuu. Tufanye nini?

JIBU: Mulizeni daktari kama vinyama, yaani vipande vidogo vya umio, vilichukuliwa vikapimwe maabara. Pumu pamoja na kukwamwa hutufanya tushuku uvimbe wa umio unaotokana na mzio, na ugonjwa huo kamera peke yake huweza kuukosa. Wakati mwingine huonekana pete, mifereji ya wima au madoa meupe. Wakati mwingine hakionekani kitu. Huchukuliwa vinyama visivyopungua 6, vya chini na vya juu zaidi, maana uvimbe hukaa kwa mabaka. Zikihesabiwa seli za eosinofili (seli nyeupe za damu zinazohusika na mzio) 15 au zaidi katika eneo moja la hadubini, na sababu nyingine zikaondolewa, ndio wenyewe.

Ukithibitika, wiki 2 za omeprazole ni chache mno. Kwa mtu mzima kawaida ni miligramu 20 mara mbili kwa siku, wiki 8 hadi 12. Isipofaa, daktari huweza kumpa fluticasone ya kupuliza, ile ile ya pumu, ila hii humezwa. Hapa ndipo wengi hukosea, na wenye pumu zaidi kwa mazoea: wanaivuta, dawa inaishia mapafuni. Apulize mdomoni akiwa amezuia pumzi, bila kutumia chemba (kile kichupa cha kuvutia dawa ya pumu), kisha ameze. Asukutue na kutema, halafu asile wala kunywa kwa dakika 30, la sivyo dawa itasombwa. Akipata utando mweupe mdomoni ni fangasi, inatibika.

Njia nyingine ni kuacha chakula kinachochochea. Tungeanza na maziwa na vyote vyenye maziwa. Vipimo vya mzio vya ngozi havitabiri vizuri chakula kinachodhuru umio, msivitegemee.

Kwa njia yoyote, kamera na vinyama virudiwe baada ya wiki 8 hadi 12. Nafuu hudanganya, kwani mgonjwa huwa amezoea kutafuna sana na kusindikiza kila tonge kwa maji. Umio ukishakuwa mwembamba, hupanuliwa kwa kifaa.

Chakula kikikwama hata mate hayapiti, asikisukume kwa maji wala tonge jingine. Apelekwe hospitali papo hapo.