Mpiga besi, anza na ngoma

Vijana wanaopiga besi huniuliza waanze kumsikiliza nani, na wengi hutegemea niwatajie Jaco Pastorius, mpiga besi maarufu wa Marekani. Mimi huwaelekeza kwa Luizão Maia, mpiga besi wa Brazili, mzaliwa wa Rio de Janeiro mwaka 1949. Tafuta albamu ya *Elis & Tom*, iliyorekodiwa Los Angeles mwaka 1974. Mwimbaji Elis Regina anaimba na mtunzi Tom Jobim, wote wa Brazili, César Camargo Mariano yuko kwenye kinanda, Paulo Braga kwenye dramu. Besi ni ya Luizão. Vaa spika za masikioni, kwa sababu simu peke yake itakunyima nusu ya utamu.

Kabla hujashika gitaa, ijue surdo, ile ngoma kubwa ya samba, muziki wa Brazili. Samba huhesabiwa mbili mbili, na mshindo mzito hukaa kwenye mbili, si kwenye moja. Mpigaji akiwa peke yake, kwenye moja huikandamiza ngozi kwa kiganja ili sauti ife upesi, kisha kwenye mbili huiachia ivume. Luizão aliyahamishia hayo yote kwenye nyuzi: noti ya kwanza fupi, ya pili nzito yenye kuvuma, na katikati vinoti vilivyozimwa ambavyo havisikiki ila kama mguso wa kidole kwenye waya.

Fanya hivi. Bonyeza noti kwa mkono wa kushoto, uicharaze, halafu legeza vidole bila kuviondoa kwenye uzi. Sauti itakatika. Hapo hapo, kidole cha mkono wa kulia kiguse uzi uliozimwa, utoe ule mlio mkavu. Sasa ingia noti ya tano ya kodi (chord, yaani noti zinazopigwa pamoja), uiache iseme. Nenda polepole sana, hata ukichoka, na usiongeze mwendo mpaka mguu wako uanze kukanyaga kwenye mbili wenyewe.

Mimi nilikuwa nimeshapiga dansi miaka mingi nilipoanza zoezi hili. Mtu wa kwanza kugundua alikuwa mpiga dramu wetu, akaniuliza nimebadilisha nini, maana mguu wake wa kulia, ule wa kukanyagia ngoma kubwa, ulikuwa umepata pa kupumzikia. Ndiyo maana nasisitiza: ukitaka kujua kama unaendelea vizuri, muulize mpiga dramu, usimuulize shabiki.

Luizão alimpigia Elis kwa miaka mingi, baadaye akahamia Japani, akafariki Tokyo mwaka 2005. Besi ikabaki kwenye ukoo. Arthur Maia, mtoto wa ndugu yake, alianza na dramu, kisha Luizão akampa gitaa la besi. Huyo naye akaja kumpigia mwimbaji wa Brazili Gilberto Gil, na ukimsikiliza utamtambua mtu aliyetoka kwenye ngoma. Kwa hiyo kama kuna dramu kanisani kwenu au ukumbini mnakofanyia mazoezi, omba ukalie kiti cha mpiga dramu jioni moja moja, besi ikiwa imeegeshwa ukutani.