Pumu kwa vijana: imezidi, au tunaijua zaidi?

Dada yangu, umeuliza kama pumu ya mwanao wa miaka 14 huko Wete ni maradhi mapya, maana utotoni mwenu hamkuyasikia. Yalikuwepo, ila kweli yameongezeka. Utafiti mkubwa wa ISAAC uliwauliza vijana wa miaka 13 na 14 wa nchi nyingi katika miaka ya 1990, ukarudiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Uingereza, kulikokuwa na wagonjwa wengi, dalili za pumu zilipungua. Katika sehemu nyingi za Afrika zilipanda.

Linaloniuma ni hili neno la "pampu itamzoesha mtoto". Haimzoeshi! Tena ile ya kufungua kifua peke yake haitoshi: tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA unataka mgonjwa wa kuanzia miaka 12 apate na dawa ya kuvuta ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa. Muulize daktari hiyo, usione haya. Na udi na ubani, tafadhali, visifukizwe chumbani anamolala, hata usiku wa kuamkia Ijumaa.