Sungura, sufu au uzi wa kiroba: manyoya ya kufungia nzi wa kuvulia

Manyoya ya kwanza niliyofungia nzi wa kuvulia, yaani chambo cha bandia cha kunasia samaki, niliyakata kwenye kola ya koti la mtumba, nililonunua sokoni Mafinga, mkoani Iringa. Muuzaji aliniapia kuwa ni manyoya halisi ya mnyama, nami nikamwamini kwa kuwa yalikuwa laini na yaling'aa. Usiku ule nilifunga nzi kumi na wawili. Kesho yake, kwenye kijito kimoja cha Mufindi kinachopita kati ya chai na msitu, wote waliniangusha kwa namna moja. Manyoya yalichomoka kwenye uzi kidogo kidogo, na ilipofika saa nne nilikuwa narusha ndoana iliyovaa uzi mtupu.

Mjomba wangu alifanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya chai, na siku za mapumziko aliwabebea wageni vifaa vyao vya kuvulia samaki aina ya trauti. Alichukua nyuzi chache za ile kola, akazigusisha na njiti ya kiberiti. Zilijikunja, zikayeyuka, likabaki tone jeusi gumu lenye ukubwa wa punje ya ulezi.

"Mjomba, hii ni plastiki," akaniambia. "Manyoya ya mnyama yananuka kama kuku anayebabuliwa, na majivu yake yanasagika kwa kidole."

Tangu siku hiyo sinunui manyoya yoyote kabla ya kuchoma nyuzi mbili tatu, hata muuzaji akinuna.

Nieleze kidogo kwa mgeni wa mambo haya. Nzi wa kuvulia ni chambo cha kutengeneza: ndoana inayovishwa uzi, manyoya ya ndege na manyoya ya mnyama mpaka ifanane na mdudu anayeliwa na trauti. Yale manyoya ya mnyama yanayosokotwa kwenye uzi na kuzungushwa kwenye ndoana yawe mwili wa mdudu, wafungaji wanayaita dabingi. Trauti si samaki wa asili kwetu. Walipandikizwa kwenye mito ya baridi ya nyanda za juu enzi za utawala wa Waingereza, na ufundi wa kuwafungia nzi ukaja nao. Ndiyo maana maelekezo mengi utakayoyakuta yanataja wanyama ambao hapa hatuna. Nzi maarufu wa Marekani aitwaye Adams, aliyebuniwa na Len Halladay huko Michigan mwaka 1922, mwili wake ni manyoya ya kijivu ya maskrati, mnyama wa majini wa Amerika ya Kaskazini. Waingereza nao wana nzi wao wa zamani wa manyoya ya sikio na uso wa sungura pori. Anayeanza akisoma hivyo hudhani kwamba bila pakiti kutoka ng'ambo hawezi kufunga kitu. Anaweza, na vizuri sana.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: nitumie manyoya asilia matupu, au yaliyochanganywa na nyuzi za kiwandani? Mimi nauliza kwanza nzi huyo atakaa wapi majini. Ukishajua hilo, uchaguzi wa manyoya unakuwa mwepesi.

Mshike sungura wa kufugwa, umpulize manyoya ya mgongoni yafunguke. Utaona tabaka mbili. Chini, karibu na ngozi, kuna malaika: laini, mafupi, yamesongamana, mara nyingi ya kijivu hata kama sungura kwa juu ni kahawia. Juu yake kuna nywele ndefu ngumu zenye ncha. Malaika ndiyo yanayoshikamana, kwa sababu unywele wa mnyama una magamba madogo yanayokamatana unapousokota. Nyuzi nyingi za kiwandani ni laini kama kioo, hazina cha kukamatia, na hapo ndipo kola yangu iliponiangusha. Zile nywele ndefu hazishikamani vizuri, lakini zikiachwa chache katikati ya malaika zinatokeza pembeni kama miguu na matamvua ya mdudu, yale anayopumulia majini. Kwa hiyo manyoya ya sungura tayari ni mchanganyiko aliouumba Mungu, na kazi yako ya kwanza ni kuamua uache nywele ndefu kiasi gani. Kwa nzi mdogo wa ndoana namba 16 (namba ikikua, ndoana ni ndogo zaidi) mimi nazing'oa karibu zote. Kwa nzi wa namba 12 wa kuzama naziacha zote.

Manyoya ya sungura yana tabia ya kunywa maji. Kwa nzi wa kuzama hiyo ni neema: analowa haraka, anashuka, na malaika yanachezacheza kwenye mkondo kana kwamba mdudu anapumua. Kwa nzi wa kuelea ni tatizo. Utamtupa mara tano juu ya maji, mara ya sita amelewa maji na anazama.

Hapo ndipo nyuzi za kiwandani zinapofaa, nami nina jaribio ninalolipenda kuliko maelezo yoyote. Chukua glasi tatu za maji. Kwenye ya kwanza weka kitonge cha malaika ya sungura, kwenye ya pili kitonge cha nyuzi za kufumia sweta za watoto, ambazo kwa kawaida ni akriliki, na kwenye ya tatu nyuzi zilizochambuliwa kutoka kiroba cha mahindi. Vibonyeze vyote kwa kidole mpaka mapovu ya hewa yatoke, kisha subiri. Sungura na akriliki vitaelekea chini. Uzi wa kiroba utarudi juu kila unapoubonyeza, kwa sababu viroba vile vinafumwa kwa polipropilini, ambayo uzito wake ni kama gramu 0.9 kwa sentimita ya ujazo, chini ya maji. Nailoni ni 1.14 na poliesta ni kama 1.38, kwa hiyo hizo huzama.

Ila usije ukadhani kwamba polipropilini peke yake itaibeba ndoana ya chuma. Haiwezi, ni kidogo mno. Nzi wa kuelea anabebwa na ngozi ya maji, yaani ule utando wa juu wa maji wanaoutembelea wadudu, kwa msaada wa manyoya ya shingo ya jogoo yaliyozungushwa kama kola. Faida ya polipropilini ni kwamba hainywi maji. Ukimpunga nzi hewani mara mbili anakuwa mkavu tena. Kwa hiyo kwa nzi wa kuelea nachanganya nusu malaika, nusu uzi wa kiroba. Malaika yanaushika uzi wa kiroba usichomoke, nao unayazuia malaika yasinywe sana.

Kuna mtu atauliza: kwa nini usitumie kiroba kitupu? Nilijaribu. Vile viuzi ni bapa na vinateleza. Lazima uvichane kwa sindano mpaka viwe vyembamba kama utando, na hata hivyo mwili wa nzi unatoka mgumu, unang'aa kwa namna ambayo siipendi. Trauti wachache waliuchukua, lakini waliutema haraka.

Kwa nzi wa kuzama sichanganyi sana. Mafungu matatu ya sungura na fungu moja la sufu ya kondoo yananitosha. Sufu naipata kwa mfugaji mmoja wa Makete, inakuja chafu na mafuta yake. Hayo mafuta usiyamalize. Kosa langu kubwa lilikuwa kuifua kwa sabuni ya unga mpaka ikawa nyeupe pee. Ilikauka, ikawa inakatika vidoleni kama nyasi za Agosti. Siku hizi naiosha kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, mara moja tu, naianika kivulini.

Rangi inadanganya zaidi ya kitu chochote. Manyoya makavu ya rangi ya asali yakilowa yanageuka kahawia, na kahawia inageuka karibu nyeusi. Usichague rangi mezani. Lowesha kitonge, kishike kati ya jicho lako na mwanga wa dirisha, halafu kilinganishe na mdudu mwenyewe. Na mdudu unaye: geuza jiwe kijitoni, utawakuta wamejibana chini yake, wembamba, wana mikia kama nyuzi. Ukiwatazama vizuri utaona hakuna hata mmoja mwenye rangi moja. Mgongo ni mweusi kuliko tumbo, na kuna madoadoa ya njano na kijani. Hii ndiyo sababu ya kweli ya kuchanganya, na naiona inasahaulika. Rangi moja tupu inaonekana imekufa. Ukitia nyuzi chache za sweta za kijani cha zeituni na za rangi ya machungwa ndani ya sungura wa kijivu, kwa mbali ni kijivu, kwa karibu kuna uhai.

Kuchanganya kwenyewe ni kwa vidole. Nyuzi za kiwandani zikate kwanza ziwe na urefu wa sentimita moja hivi, la sivyo zitajifunga mafundo. Weka kitonge juu ya kitonge, vuta katikati kipasuke vipande viwili, vipandishe tena, vuta tena. Baada ya mara kumi na tano hivi huoni tena mistari. Ukitaka mengi kwa mpigo, yatie kwenye chupa ya plastiki yenye maji na sabuni kidogo, tikisa kwa nguvu, mimina kwenye chujio la chai, suuza, tandaza juu ya gazeti. Blenda ya jikoni isikutamanishe. Nyuzi ndefu zinajizungusha kwenye kisu na mota inaungua. Ya kwetu iliungua hivyo, na nyumbani nilinunua nyingine kabla ya kununua ndoana.

Unapofunga, tatizo la karibu kila mwanafunzi wangu ni kutumia manyoya mengi. Chukua kiasi unachodhani kinatosha, gawa nusu, kisha gawa nusu tena. Paka nta kidogo kwenye uzi, si kwenye vidole. Yagusishe manyoya kwenye uzi yakae kama ukungu unaokaribia kuondoka, ukiuona uzi kwa ndani, ndipo usokote kwa kuelekea upande mmoja tu. Ukisokota mbele na nyuma unayafumua mwenyewe. Uzi ukifika unene wa njiti ya kiberiti umezidisha.

Majira nayo yana neno. Mvua zikiwa nyingi na maji yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa, nafunga nzi mweusi, mnene, mwenye nywele ndefu zilizotoka nje, ambaye samaki atamwona. Kuanzia Juni maji yakitakata na asubuhi kuna jalidi kwenye majani, mnene yule anawafukuza. Hapo ni malaika matupu, membamba.

Sasa jambo zito. Kijana mmoja aliwahi kuniletea ngozi ya fisi maji, akisema manyoya yake hayapenyi maji, ambayo ni kweli. Nilimrudisha nayo siku hiyo hiyo. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, ngozi na manyoya ya mnyamapori ni nyara za Serikali, na kukutwa nayo bila kibali ni kesi. Na hata bila sheria, mnyama yule ni mwenzetu mtoni. Sungura wa kufugwa wako kila kijiji. Mama ninayemchukulia ngozi hapa Mafinga hunisalimu "Kamwene, mwanangu," kisha ananitolea zile alizokuwa anazitupa baada ya kuchinja.

Ngozi hiyo ikwangue mafuta yote upande wa ndani, ipake chumvi ya kutosha, igongomee kwenye ubao kivulini mpaka ikauke kabisa. Niliwahi kuacha mafuta kidogo karibu na shingo. Wadudu waliingia, na ndani ya miezi miwili ngozi tatu nzuri zikawa vumbi. Sasa kila ngozi mpya inakaa kwenye friza siku nne ndani ya mfuko uliofungwa, ndipo inaingia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko.

Leo jioni kwenye jiliwa langu, kile kibanio cha kushikia ndoana, kuna ndoana namba 14. Nimeifunga sungura wa kijivu, sufu, na viuzi sita vya sweta la kijani alilolikataa mwanangu. Nimemlowesha kwenye kikombe na kumtazama dirishani. Tumboni kijani kimezidi kidogo. Nitamfumua, nipunguze viuzi viwili, kisha nimfunge upya kabla ya kwenda mtoni Jumamosi.