Chama cha wanasayansi ya siasa SIO chama cha siasa, jamani!

Maswali ya safari hii mengi yanahusu APSA, chama cha kitaifa cha wanasayansi ya siasa wa Marekani. Twende.

"Mwalimu, APSA wako upande wa mgombea gani?"

Hakuna. Hili nimeshalijibu mpaka nimechoka. Katiba yao inasema chama hakiungi mkono chama cha siasa wala mgombea, na hakiwasemei wanachama kwenye sera za serikali. Ni chama cha wasomi tangu 1903. Nyie mkiona tu neno siasa mnarukia kuuliza nani mwenzetu nani adui, someni kwanza basi.

"Kwaiyo mwanachama haruhusiwi kugombea?"

Anaruhusiwa, kilichofungwa ni chama sio mtu. Woodrow Wilson alikua rais wa APSA, alafu 1912 akachaguliwa rais wa nchi.

"Bila uanachama siwezi kujiita mwanasayansi ya siasa?"

Unaweza. Hii sio leseni ya udaktari.

"Mwalimu shikamoo, niko masta, nijiunge sasa au nisubiri PhD?"

Marahaba. Jiunge sasa, ada inapangwa kwa kipato na mwanafunzi analipa kidogo. Ila kama unataka tu mstari mmoja kwenye CV bora hela yako ubaki nayo. Faida iko kwenye mkutano wa mwaka, pale unasoma kazi yako na kuna mtu kapewa jukumu la kuikosoa mbele ya watu, ndo maana inaniuma nikiona mtu anatuma pepa usiku wa kuamkia kikao, mkosoaji hajasoma kitu, wanasifiana pale dakika kumi wanaondoka, alafu anasema mkutano haukuwa na maana. Tuma mapema, andika kila unachoambiwa, usibishane palepale. Na usikae vikao vya mada yako tu. Elinor Ostrom, mwanasayansi ya siasa, aliwahi kua rais wa chama hichohicho na 2009 akapata Nobel ya UCHUMI.

Alafu angalieni matapeli, ukiona imeili inakusifia pepa ambayo hujaituma popote na inataka ulipie "kongamano la kimataifa", futa.

"Naweza kutuma makala moja kwa majarida mawili kwa pamoja, nichague atakaewahi kujibu?"

Hapana. Hata wakikaa nayo miezi. Kuna msomi mwenzako jarida limempa aikague, anaisoma bure kwa muda wake, ukiona wamezidi kuchelewa waandikie uitoe rasmi, ndo upeleke kwingine.