Shangazi, niache biokemia nikaombe udaktari?

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 21, nasoma biokemia mwaka wa tatu huku Chuo Kikuu cha Maseno. KCSE, mtihani wa kidato cha nne, nilipata B+, udaktari ukanipita kwa pointi chache. Mjomba aliye Minnesota anasema huko watu huomba shule ya udaktari kabla ya kumaliza digrii, nami nisipoteze muda. Nataka kuacha muhula huu niombe MBChB, digrii ya udaktari, kama mwanafunzi wa kujilipia. Mama anauza omena Kibuye. Bado sijamwambia." – Nimekwama, Kisumu

Marahaba, mwanangu.

Mjomba hajakudanganya, ila amekupa nusu ya habari. Marekani udaktari husomwa baada ya digrii ya kwanza. Maombi huchukua karibu mwaka mzima, kwa hivyo wanaotaka kuunganisha moja kwa moja huyatuma wakimaliza mwaka wa tatu, kisha wanarudi darasani kumalizia wa nne. Hakuna anayeacha chuo. Tena shule nyingi za huko hazimpokei mtu ambaye hajasomea Marekani au Canada, basi hilo liweke kando.

Kwetu MBChB ndiyo digrii ya kwanza yenyewe: miaka sita, halafu mwaka wa intanishipu. Kinachotazamwa kwanza ni KCSE yako, hasa baiolojia, kemia, fizikia au hesabu, na lugha. B+ ya jumla haikusaidii kama ndani yake kemia ni C, na gredi za masomo hukuniandikia. Itoe hiyo cheti uisome upya. Wenye digrii za sayansi ya kibayolojia pia hupokelewa na baadhi ya vyuo, lakini digrii iliyokamilika. Mimi niliacha kozi ya ualimu nikibakiza muhula mmoja. Maksi zangu za miaka miwili ziko kabatini chini ya vitambaa vya meza, na hakuna mwajiri aliyewahi kuniomba nizitoe.

Piga hesabu. Ukiacha leo, utaanza udaktari na miaka 22. Ukimaliza biokemia, 23. Ni mwaka mmoja huo unaokukosesha usingizi! Kujilipia nako ni laki kadhaa kila mwaka, mara sita. Hizo ni gorogoro ngapi za omena? Na mkopo wa HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi, uliokwisha kula haufutiki kwa kuwa umeacha.

Kwa hivyo omba, lakini omba ukiwa darasani. Maseno kwenyewe wanafundisha udaktari, Moi na Egerton pia. Barua ya kuitwa ikija, na karo ya mwaka wa kwanza iko mkononi, ndipo uende kwa msajili uulize habari ya kuahirisha masomo. Usiseme kuacha.

Halafu kuna jambo limenikera kidogo. Barua yako ilikuwa kurasa tatu, nimeifupisha. Binamu yako na koti lake jeupe wametajwa mara nne. Mgonjwa hayumo hata mmoja. Likizo ndefu ikifika, tafuta atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, kwenye maabara pale hospitali ya Russia (najua siku hizi inaitwa Jaramogi, lakini mwambie mtu wa boda akupeleke Jaramogi uone atakavyokutazama). Shinda huko na chupa za damu na mikojo, uone foleni ya Jumatatu asubuhi, kisha uniandikie tena.

Mama aambiwe wiki hii, kabla binamu hajamfikia. Usimpigie akiwa sokoni. Ngoja jioni, akishahesabu pesa.